Makosa Mia Nane ya Shemeji Taras

Jumatatu, 2 Februari

Kompyuta imechelewa kuamka kuliko mimi. Nimeiwasha, nimetoka nje kuchomoa waya unaopasha gari moto usiku, nimerudi na masharubu yameganda, nimevua mabuti, nimemimina kahawa. Bado inazunguka! Kuna mtu anaichezea.

Simtaji mtu. Nasema tu kwamba nyumba hii ilikuwa na watu wawili, mimi na mke wangu Verna, na kompyuta ilikuwa nzima. Novemba akaja shemeji Taras, mdogo wake Verna, baada ya mgodi wa potashi, ile chumvi ya mbolea, kumwachisha kazi. Akapewa chumba cha chini. Tangu hapo mashine inakohoa. Mimi si mtoto. Maisha yangu yote ya kazi nilikagua mashamba ya ngano kwa kampuni ya bima ya mvua ya mawe. Mkulima akilia, mimi natazama buti zake kama zina tope la shamba. Mkoa mzima wa Saskatchewan, huku Kanada, hakuna aliyenidanganya mara mbili.

Leo, nikitafuta tu habari za hali ya hewa, kisanduku chekundu kikachomoza kwenye skrini. Kikasema: kompyuta yako huenda ina makosa kwenye rejista! Moyo ukapiga pa! Walijuaje?

Nimesoma yote. Rejista ni kumbukumbu ya ndani. Humo mashine huandika kila programu iliyonayo na jinsi inavyopaswa kufanya kazi. Ikijaa taka, wanasema, mashine hulemewa. Dawa yake ni programu inayoitwa Fagio Dhahabu. Kukagua ni bure. Kutengeneza ndiko kwa kulipia.

Nikakagua. Makosa mia nane arobaini na matatu! Yote mekundu kama surua. Nimeinuka nikafunga mlango kabla ya kuendelea kusoma.

Jumanne, 3 Februari

Asubuhi nimemchunguza Taras wakati anakula uji. Nimeuliza, kama mtu asiye na neno, huwa anafanya nini kwenye kompyuta. Akasema anatuma maombi ya kazi na kuangalia matokeo ya mchezo wa magongo wa barafuni. Alijibu bila kusitasita. Mwongo mzoefu hasiti.

Nimelipia Fagio Dhahabu kwa kadi. Verna hajui. Kitufe kikubwa cha kijani: Tengeneza Yote. Nimekibofya. Ufagio mdogo ukapita kwenye skrini ukiacha nyota nyuma yake. Kazi safi! Halafu ikaomba izimwe na kuwashwa upya.

Mashine imewaka kama kijana! Nimemwita Verna aje aone. Amekuja na unga mikononi, akatazama, akauliza mara ya mwisho niliizima lini. Nikasema sikumbuki, labda kabla ya Krismasi. Akasema basi imefurahi kulala tu, hata yeye angefurahi. Akarudi jikoni.

Wivu. Hakuna anayependa kuona mumewe amefaulu.

Alhamisi, 5 Februari

Nimekagua tena, kwa kujifurahisha tu. Nilitegemea sifuri.

Mia moja na kumi na saba! Siku mbili tu! Mimi nimegusa habari za hali ya hewa peke yake. Verna ameandika mapishi. Anaandaa kitabu cha mapishi cha kanisa letu, na kina mama wote wamemletea yao: perogi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, supu ya viazisukari vyekundu, mikate ya Pasaka. Wengine wameshafariki, mapishi yao yameletwa na binti zao. Mwanamke anayeandika supu hawezi kuzalisha makosa mia. Anabaki nani?

Nimeshuka hadi nusu ya ngazi nikasikiliza. Taras alikuwa anapiga mluzi. Mtu aliyeachishwa kazi anapigaje mluzi?

Usiku nitaweka mtego. Kuna mkulima mmoja aliyekuwa akiiponda ngano yake kwa mnyororo ili ionekane imepigwa na mawe. Nilimnasa kwa kunyunyiza chokaa kwenye mipaka ya shamba. Chokaa sina. Unga wa ngano upo.

Ijumaa, 6 Februari

Mtego umenasa! Unga kwenye kibodi umevurugwa, alama za vidole ni dhahiri. Nimeita familia nzima chumbani. Nimemwomba Taras aoneshe vidole. Safi. Nikasema kanawa. Verna akainua vidole vyake mwenyewe. Vina unga. Akasema alfajiri aliingia kuongeza mapishi ya marehemu Bi Paraskeva, akakuta unga kwenye herufi, akadhani ni wake, kwa sababu vidole vyake vina unga tangu mwaka sabini na nne.

Hata hivyo haithibitishi kuwa Taras hakuingia. Inathibitisha tu kwamba Verna aliingia.

Kitufe cha nafasi kimekwama kwa unga. Verna amekisafisha kwa kijiti cha meno, haneni neno. Taras alikuwa anacheka chinichini. Nimemwona.

Jumamosi, 7 Februari

Leo nimefanya jaribio la kisayansi. Nimesafisha. Nimekaa kwenye kiti. Sikuinuka. Sikugusa chochote isipokuwa kikombe. Kahawa ikaisha. Nikakagua tena.

Makosa arobaini!

Nywele zilinisimama. Nimeketi hapo hapo mbele yake! Maana yake ni moja: Taras ana njia ya kuingia bila kupita mlangoni. Waya zote za nyumba hii zinapita kwenye dari ya chumba cha chini. Juu ya kitanda chake! Nani aliyemwekea kitanda pale? Verna.

Nimemweleza Verna wakati wa chakula cha mchana, kwa utaratibu, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wakubwa zangu. Ameweka uma chini.

"Wendell," kasema, "nikuulize kitu. Mkulima akija kwako akakwambia, shamba langu limeharibika, nimelikagua mwenyewe, hasara nimeihesabu mwenyewe, sasa nilipe. Ungemlipa?"

Nikasema nisingempa hata kikombe cha maji.

"Na hiyo fagio yako? Nani anahesabu makosa?"

"Fagio."

"Nani analipwa makosa yakiwa mengi?"

Nikamwambia hilo ni jambo tofauti kabisa. Mkulima ni mtu, ana tumbo na mkopo wa trekta. Programu haina tumbo. Itadanganya kwa faida gani?

 Verna akaniongezea viazi. Nimechukulia kuwa amekubali.

Jumapili, 8 Februari

Wamekwenda kanisani. Mimi nimesingizia mgongo. Nafasi kama hii haiji mara mbili.

Fagio Dhahabu wana daraja la juu zaidi, Usafi wa Kina. Unaingia hadi mizizini. Nimelinunua. Kabla ya kuanza, programu iliuliza kama niweke nakala ya akiba ili kila kitu kiweze kurudishwa kikiharibika. Nikafikiri: nakala ya nini? Ya uchafu? Unafagia nyumba halafu unaweka takataka kabatini? Nikaondoa alama. Ikauliza kama nina hakika. Wanapenda kumpima mteja. Nina hakika!

Ikaonesha orodha ndefu ya vitu "vinavyotiliwa shaka". Sikusoma yote. Vilitiliwa shaka, ilitosha. Tengeneza Yote.

Nyota nyingi zaidi kuliko mara ya kwanza. Nimesikia raha kama nimekata nywele.

Jumatatu, 9 Februari

Siku mbaya.

Verna ameamka mapema kuongeza mapishi ya mwisho, maana mchapaji anayataka wiki hii. Programu yake ya kuandikia haifunguki. Inasema haijawahi kuwekwa kwenye kompyuta hii! Printa iko mezani, inaonekana kwa macho, lakini mashine inasema haiijui. Sauti imepotea. Saa ya pembeni peke yake ndiyo inayofanya kazi.

Verna alikaa ametulia, mikono mapajani. Akauliza mapishi yako wapi. Bi Paraskeva hakuandika popote pengine. Binti yake alimsomea Verna kwa simu kutoka kwenye kipande cha gazeti alichokiandikia mama yake, na kipande chenyewe kimeshapotea.

Sikuwahi kumwona hivyo. Nikaona lazima ukweli usemwe sasa. Nimemwita Taras kutoka chini. Nikageuza skrini imwelekee. Nikamwambia: shemeji, tazama kazi yako. Mia nane, kisha mia na kumi na saba, kisha arobaini nikiwa nimekaa hapa hapa, na leo umemaliza kabisa.

Nilitegemea akane. Hakukana. Alisoma skrini polepole, akauliza kama nimeisafisha jana. Nikasema ndiyo, na bado! Akauliza kama niliweka nakala ya akiba. Nikamwambia asibadilishe mada.

Verna akageuza shingo. "Nakala gani?"

Nikaeleza kuhusu takataka na kabati.

 Halafu Taras akashuka chini. Tulisikia droo zinafunguliwa. Akapanda na begi lake la mgodini na buti zake, akasema asante kwa kila kitu dada, na wewe shemeji. Nje nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Gari lake la mizigo lilikohoa mara kadhaa kabla ya kuwaka. Verna alisimama dirishani mpaka taa nyekundu zikapotea kwenye kona.

Mwenye hatia hukimbia. Nimeandika hivyo, lakini nimeandika polepole.

Jumanne, 10 Februari

Verna hasemi nami. Chakula kipo, maneno hakuna. Ni kama kula hotelini.

Ameifunga kompyuta kwa blanketi, akaiweka kiti cha mbele cha gari, akaifunga mkanda, akaenda nayo duka la kompyuta la barabara kuu. Mimi nikafuata kwa nyuma kwa miguu, niliambiwa hakuna nafasi.

Mwenye duka ni Bi Ottilie Funk. Miwani miwili, mmoja machoni, mmoja kichwani. Habari njema: mapishi yapo, yote, hata ya Bi Paraskeva. Yalikuwa salama muda wote. Kilichokatwa ni kumbukumbu zilizokuwa zikiiambia mashine programu ziko wapi. Verna alishika ukingo wa meza akashusha pumzi.

Habari nyingine sikuziomba. Bi Ottilie anasema rejista ni kubwa mno, na kilichobaki humo cha programu zilizoondolewa hakilemei kitu, kama jina la mtu aliyehama kubaki kwenye kitabu cha simu. Hakizuii simu yako kulia. Vingi kati ya "makosa" si makosa. Mashine inajiandikia mambo humo kila dakika, hata ukikaa tu unaitazama, ndiyo maana ukikagua tena utakuta mapya. Anasema uzito wa mashine yetu unatokana na kumbukumbu ndogo na programu nyingi kuamka kwa pamoja. Kubwa kuliko zote, kasema akinitazama juu ya miwani, ni hii Fagio Dhahabu.

Nimemwuliza anaishi kwa kazi gani. Akasema anatengeneza kompyuta zilizoharibika.

Haya! Anayekula kwa kompyuta mbovu atapenda usafi? Ni sawa na kuiuliza mvua ya mawe kuhusu bima! Nimemwambia Verna njiani. Yaani, nililiambia dirisha la gari, likiwa tayari linaondoka.

Alhamisi, 12 Februari

Verna amenunua kompyuta mpya. Jana jioni. Sanduku liliwekwa ukumbini, limefungwa gundi. Asubuhi amempigia Taras kwenye moteli alikolala. Nilimsikia. "Rudi nyumbani. Nahitaji mtu wa kubeba, na nahitaji shahidi."

Taras akaja. Ana ndevu za siku tatu. Hakunitazama, akafungua sanduku kwa kisu. Plastiki bado zipo, harufu ya kiwandani. Verna akaiunganisha mwenyewe. Haijaandikwa herufi hata moja. Haijasikia harufu ya supu. Kisha akafanya jambo la ajabu: akaweka humo Fagio Dhahabu, ile ya bure, ya kukagua.

Akatuambia tukae. Tukakaa, mimi upande huu wa kochi, Taras upande ule.

Ufagio ukapita. Nyota.

Makosa mia tatu na sitini na mbili!

"Haya, Wendell," Verna kasema. "Mashine imetoka kwenye sanduku sasa hivi, mbele ya macho yako. Nani kaichafua?"

Nilifikiri. Nilifikiri kwa bidii, naapa. Nikaona mambo mawili tu yanawezekana. Ama kiwanda kinauza mashine chafu, na hilo serikali inapaswa kujua. Ama mtu alilifikia sanduku usiku. Nikauliza, kwa upole kabisa, kama Taras bado ana ufunguo wa mlango wa nyuma.

Verna akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa mtulivu kupita kiasi. Akasema atakwenda jikoni kuchemsha perogi, na zitakuwa za watu watatu au za watu wawili. Katika wawili hao atakuwemo Taras. Ni juu yangu.

Tukabaki sisi. Nimeshawahi kukaa na wakulima niliowanyima fidia, lakini hakuna kochi lililokuwa refu hivi.

Taras ndiye aliyeanza. Alisema bila hasira.

"Shemeji, mgodini waliletwa watu na kompyuta zao. Hawakuwahi kushuka chini hata siku moja. Wakakaa ofisini, wakatoa orodha: huyu anajirudia, huyu hana kazi, huyu aondolewe. Mimi nilikuwa naangalia pampu za maji. Ukiangalia pampu vizuri hakuna kinachotokea, kwa hiyo walidhani hakuna ninachofanya. Nikaja huku. Na wewe ukanigeuzia skrini."

Sikuelewa pampu zinahusiana nini na rejista. Lakini kuna kitu kilinichoma hapa kifuani, kama kiungulia. Nadhani ni ile kabichi chachu ya jana. Nikasema, shemeji, niwie radhi. Ikatoka yenyewe. Akasema yamekwisha. Akanipa mkono. Mkono mzito, mkavu kama gome.

Niliongeza kwamba naomba radhi pia kwa niaba ya programu. Akacheka mpaka akakohoa. Sikuwa natania.

Perogi zilikuwa za watu watatu.

Jumamosi, 14 Februari

Amani. Verna amerudia kusema nami. Nimempa maua ya dukani. Amenipa kompyuta ya zamani, kwa masharti: ile mpya nisiiguse hata kwa kijiti. Kitabu cha mapishi kimekwenda kwa mchapaji. Taras ameitwa Jumatano kwa mazungumzo ya kazi, kampuni ya maji ya mji. Pampu. Nimemshauri asiwaoneshe buti zake.

Ile ya zamani Bi Ottilie ameifanya iende vizuri. Vizuri mno. Napenda kujua inaficha nini. Nimeirudishia Fagio Dhahabu na, kwa tahadhari, nimeweka na mshindani wake, Ngao ya Simba, ili nisimtegemee mmoja. Mtu makini hupata maoni mawili.

Ngao ya Simba imekagua ikasema kuna programu moja ya hatari humu ndani: Fagio Dhahabu! Nikashtuka. Nikamrudia Fagio Dhahabu, akakagua, akasema kuna programu moja ya hatari: Ngao ya Simba!

Sasa nimeelewa. Bi Ottilie alikuwa sahihi kidogo. Mmoja wao ni mwongo.

Nimenunua ya tatu ije iamue.

Jumatatu, 16 Februari

Siku ya Familia. Mkoa mzima umefunga. Verna na Taras wako jikoni, wanabishana kuhusu kiasi cha bizari. Simu imelia, nimewahi mimi.

Mwanamume, sauti ya upole. Ameuliza kama anaongea na mwenye nyumba. Akasema mabomba yanayopeleka hewa ya moto kutoka kwenye tanuri hadi vyumbani mwetu yamejaa vumbi la miaka mingi, na ndiyo sababu tunakohoa. Nikakohoa papo hapo! Hajawahi kufika hapa. Hata jina la mji wetu amelitamka kombo. Lakini anajua! Na anafanya kazi hata siku ya sikukuu. Watu wa namna hii wamebaki wachache.

Kukagua ni bure.

Verna akapaza sauti kutoka jikoni kuuliza ni nani. Nikasema mtu amekosea namba. Kisha nikaziba mdomo kwa kiganja, nikamwuliza yule bwana kwa sauti ya chini: je, vumbi hilo linaweza kuwa linatoka kwenye chumba cha chini?

 Akasema ndiyo, mzee, mara nyingi hutoka huko huko.

Nilijua! Anakuja kesho asubuhi.